Shajara ya mradi: Insha ya hoja inasimamia nini?

3 Februari: Mwanzo, na kosa la kwanza

Nimesahihisha insha za hoja kwa miaka mingi. Mwanafunzi akija na karatasi yake kuniuliza, "Mwalimu, mbona mimi 11 na mwenzangu 16?" huwa namjibu kitu kama "yako haina mtiririko" au "hoja zako hazina uzito." Anaitikia, anaondoka, na insha ijayo inakuja vilevile. Ukweli ni kwamba hata mimi sijui uzito huo naupimia wapi. Mradi huu ni wa kujua. Naandika kila hatua ili atakayeurudia asijikwae nilipojikwaa.

Malighafi ni insha 60 za swali moja: "Je, wanafunzi waruhusiwe kuja na simu shuleni?" Wenyewe wameridhia zitumike. Nimeondoa majina, nimechanganya karatasi na kuzipa namba, kisha nimezichapa zote kwenye kompyuta, maana hati nzuri humhonga msahihishaji hata akijifanya haioni. Namba 1 hadi 40 ni za kufanyia kazi. Namba 41 hadi 60 nimezitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi, zingoje jaribio la mwisho.

Kosa nililigundua nikiwa kwenye insha ya 14: vidole vyangu vilikuwa vinasahihisha. Mwanafunzi kaandika "kwasababu", mimi nachapa "kwa sababu". Mwingine kakata sentensi katikati kwa nukta, mimi nimeiunga bila kujijua. Nilikuwa nawagawia watu mtiririko ambao hawakuwa nao. Nimezirudia zote 14, safari hii kosa kwa kosa.

Gharama hadi sasa: dakika 20 kwa insha, yaani saa 20, na karibu saa 5 za marudio. Kama una mtu wa kukuchapia ambaye si mwalimu wa lugha, mtumie huyo.

17 Februari: Mafungu matatu kwa jicho tu

Kabla ya kutunga vigezo vyovyote nilitaka kuona jicho linasemaje. Nimegawa insha 40 katika mafungu matatu: dhaifu, wastani, imara. Mwalimu mwenzangu naye amegawa zilezile bila kuona zangu.

Tumekubaliana kwenye 22. Kwa haraka 22 kati ya 40 inaonekana si haba, lakini watu wawili wanaogawa kwa kufumba macho nao hukubaliana mara kadhaa kwa bahati tu. Kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, kinachoitwa kapa, huiondoa bahati hiyo. Mimi nilikuwa na dhaifu 12, wastani 18, imara 10. Yeye 10, 20 na 10. Zidisha fungu kwa fungu: 120, 360 na 100, jumla 580. Gawa kwa 40 mara 40, unapata 0.3625. Hiyo ndiyo bahati. Tulikubaliana 0.55. Toa bahati, kisha gawa kwa kilichobaki hadi kufika 1: 0.1875 kwa 0.6375, takriban 0.29. Moja ni makubaliano kamili, sifuri ni kurusha sarafu. Sisi wawili, wenye vyeti vyetu ukutani, tuko karibu zaidi na sarafu.

Nilijisikia vibaya kwa siku mbili hivi, hadi nilipokumbuka utafiti wa Diederich, French na Carlton wa mwaka 1961. Walichukua insha 300 wakawapa wasomaji 53 wa fani mbalimbali, wanasheria na wahariri wakiwamo, wazipange kwa ngazi 9. Insha 101 zilipata kila ngazi, kuanzia 1 hadi 9. Yaani insha ileile, mmoja aliiona taka na mwingine lulu. Walipochambua zaidi wakaona wasomaji wanaangukia makundi: wapo waliotazama mawazo, wapo waliotazama mpangilio, wengine makosa ya lugha, wengine uteuzi wa maneno, na wengine ile ladha ya mwandishi. Kila mmoja alipima kitu chake na kukiita "ubora."

Mfano wetu ni insha namba 17. Inaanza hivi: "Katika ulimwengu huu wa utandawazi, ambapo sayansi na teknolojia zimeshika hatamu, simu ya mkononi imekuwa kama mboni ya jicho kwa kila binadamu mwenye akili timamu." Mimi niliipa imara. Mwenzangu aliipa dhaifu.

"Mwalimu, umeisoma au umeisikiliza?" akaniuliza.

"Lugha yake imenyooka."

"Haya, anasema nini?"

Nikaishika karatasi kutafuta. Anasema simu ni nzuri. Nilipohesabu, anasema mara saba.

2 Machi: Urefu umenidanganya

Baada ya aibu ile nimehesabu maneno ya kila insha. Kati ya 10 nilizoziita imara, 8 zimo kwenye 10 ndefu kuliko zote. Namba 17 ndiyo kinara, maneno 612. Si ugonjwa wangu peke yangu: mwaka 2005, insha ilipoingizwa kwenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni Marekani, Les Perelman wa chuo kikuu cha MIT alionyesha kwamba urefu ulibashiri alama kwa kiwango cha kutisha.

Dawa ya kwanza ilishindwa. Niliamua kukata alama kwa kila insha iliyozidi maneno 400. Matokeo: insha fupi zisizo na kitu zilipanda juu, na namba 12, ndefu lakini kila aya ina kazi yake, ikaporomoka. Nimeufuta utaratibu huo. Saa 3 zimepotea.

Dawa ya pili imeshika. Kila aya naiandikia pambizoni mstari mmoja: mwandishi anataka nikubali nini hapa, na amenipa nini ili nikubali? Kama sina cha kuandika, nachora kistari. Namba 12 imetoa mistari mitano tofauti. Namba 17 imetoa "simu ni muhimu" kwenye aya ya kwanza, na kuanzia hapo nimeandika "vilevile" hadi mwisho. Kazi hii huchukua dakika 6 kwa insha.

16 Machi: Kuhesabu sehemu, na kwa nini hakutoshi

Nilitafuta namna ya kuziita sehemu za insha kwa majina yanayoeleweka na wengine. Ipo hazina ya insha iitwayo PERSUADE, yenye insha zaidi ya 25,000 za wanafunzi wa Marekani wa darasa la 6 hadi la 12, ambamo kila kipande kimepewa jina. Sehemu zake ni saba, nami nimezitafsiri hivi: utangulizi, msimamo, dai, ushahidi, hoja pinzani, jibu kwa mpinzani, hitimisho. Hazina hiyo ndiyo iliyotumika kwenye mashindano ya Kaggle, jukwaa la mtandaoni la wachambuzi wa data, mwaka 2022, ambapo programu za kompyuta zilitakiwa kubashiri kila kipande kina nguvu, kinatosha au hakifanyi kazi. Nimeazima pia wazo hilo la kupima kipande kimoja kimoja badala ya insha nzima.

Nimepaka rangi insha zote 40. Rangi saba, kalamu saba, na kalamu ya manjano imekauka nikiwa kwenye namba 31.

Nilitarajia kuona insha imara zina rangi zote na dhaifu zina mapengo. Sivyo. Namba 17 ina rangi zote saba. Ina utangulizi, ina "kwanza kabisa", ina "kwa upande mwingine wapo wanaopinga", ina "kwa kuhitimisha". Mwanafunzi huyu amefundishwa vizuri muundo, na nina sababu ya kuamini aliyemfundisha ni mimi. Namba 36 haina hitimisho kabisa, inaishia hewani kama mtu aliyeitwa na kengele, lakini mimi na mwenzangu sote tuliiweka kwenye fungu la imara.

Kwa hiyo rangi zinakuambia kipande kipo. Hazikuambii kama kimeshikana na chenzake.

30 Machi: Kiungo

Hii ndiyo hatua iliyolipa, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Mwaka 1958 mwanafalsafa Stephen Toulmin aliichambua hoja akaonyesha kwamba kati ya ushahidi na dai kuna kitu cha tatu, ile kanuni inayomruhusu mtu kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Mara nyingi hakisemwi. Mimi nakiita kiungo. Nimerudi kwenye insha zote nikiuliza swali moja: kiungo kiko wapi?

Tazama namba 22: "Simu zisiruhusiwe shuleni. Ufaransa ilipiga marufuku simu mwaka 2018. Kwa hiyo na sisi tupige marufuku." Ushahidi ni wa kweli. Ufaransa ilipitisha sheria hiyo mwaka 2018 kwa shule za msingi na za sekondari ya chini. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka alama ya vema kando yake, kwa furaha kwamba mwanafunzi ana tarehe. Lakini kinachothibitishwa hapo ni kwamba kuna watu waliopiga marufuku. Je, ilisaidia? Je, shida yao ni kama yetu? Tarehe ilinipumbaza kama maneno matamu ya namba 17 yalivyonipumbaza.

Sasa namba 36: "Kamusi ya darasa ni moja. Anayeketi nyuma akikwama kwenye neno, haamki kuifuata, analiruka tu, na mtihani hautaliruka. Simu moja kwa kila dawati ingemfikia alipo." Hakuna tarehe, hakuna nchi, hakuna mtaalamu. Lakini kila sentensi imeshika mkono wa inayofuata. Ukitaka kumpinga unajua pa kushika: sema kamusi ziongezwe. Insha dhaifu hata kuipinga huwezi, maana hakuna pa kushika.

Kutokana na hapo nimetengeneza jaribio la kufuta. Funika sentensi moja kwa kipande cha karatasi, soma aya bila hiyo. Dai limelegea? Sentensi ilikuwa na kazi. Hakuna kilichobadilika? Ilikuwa pambo. Namba 36 ukiondoa "haamki kuifuata, analiruka tu" aya inaanguka. Namba 22 ukiondoa Ufaransa, dai linabaki pale pale lilipokuwa, peke yake.

Methali zimenipa shida ya pekee. Namba 9 anataka shule zisubiri kwanza: "Wahenga walisema haraka haraka haina baraka." Namba 33 anataka simu ziruhusiwe mwaka huu huu: "Wahenga hawakukosea waliposema ngoja ngoja huumiza matumbo." Wahenga wale wale, pande zote mbili za mdahalo, na wote wawili wameshuka aya wakiamini wamethibitisha.

Nikaweka sheria: methali si ushahidi, kila methali inakatwa alama. Mwenzangu akanikatalia.

"Mwalimu, soma namba 28 kwanza."

Namba 28 ameandika "samaki mkunje angali mbichi", kisha akaendelea: mwanafunzi asiyeshika simu mpaka amalize shule atakutana nayo siku ambayo hana mwalimu wala mzazi wa kumwambia zima ulale. Hapo methali ni kichwa cha habari tu, kiungo kimeandikwa chini yake. Nilikuwa namwadhibu kwa kujua Kiswahili. Sheria mpya: funika methali kwa kidole. Aya ikisimama, iache ing'ae.

Gharama ya hatua hii: dakika 15 kwa insha, saa 10 kwa zote 40.

13 Aprili: Mpinzani wa kweli na mpinzani wa kutungwa

Karibu insha zote zina "wapo wanaosema". Tumewafundisha hivyo. Swali ni anayesemwa ni nani. Namba 4: "Wapo wanaosema simu hupoteza muda wa masomo. Hao hawapendi maendeleo." Amemleta mpinzani, amemvua shati, amemfukuza. Hakuna alichojibu.

Namba 5 ameandika: "Ni kweli simu ikiwa mezani jicho humtoka mtu. Mimi mwenyewe hunitoka. Ndiyo maana nasema zikae kwenye kabati la darasa, zitolewe kipindi kinachozihitaji." Nilisoma aya hiyo mara tatu kabla ya kugundua inafanya nini. Msimamo wake wa mwanzo ulikuwa "simu ziruhusiwe". Baada ya kumsikiliza mpinzani, msimamo umepata mipaka: ziruhusiwe hivi, si vile.

Nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwa miaka yote, "usiyumbe, shikilia msimamo wako." Katika rekodi zangu za zamani namba 5 ingekatwa alama kwa "kubadilisha msimamo". Kwenye mwongozo mpya nimeandika: angalia kama hoja pinzani imeacha alama yoyote kwenye msimamo. Ikiwa ungeweza kuikata aya hiyo na hitimisho lisiguswe hata neno, mpinzani alikuwa wa kutungwa.

27 Aprili: Mimi mwenyewe ni sehemu ya tatizo

Sikupanga hatua hii. Nilikuwa natafuta kitu kingine kwenye jedwali langu nikaona kwamba insha zinazopinga simu nimezipandisha kuliko mwenzangu alivyozipandisha. Mimi sitaki simu darasani, na yeyote aliyewahi kuzikusanya mlangoni atanielewa. Nilipolinganisha noti zangu za pambizoni, nimeona ninachofanya: insha ya upande wangu ikikosa kiungo, nakijaza mwenyewe kichwani, bila hata kujua nimekijaza. Insha ya upande mwingine ikikosa, naandika "hujathibitisha".

Nimejaribu kujikumbusha tu, kwa karatasi iliyobandikwa mbele ya meza: "Usipendelee." Haikusaidia chochote. Kilichosaidia ni kuandika, kabla ya kuanza kusahihisha, aya moja bora niwezayo ya kutetea upande nisioupenda. Dakika 10 zinatosha. Baada ya hapo huwezi tena kujifanya upande ule hauna la kusema.

Jambo dogo la kuongeza: changanya mpangilio wa insha kila siku. Insha ya wastani ikifuata tatu mbovu inang'aa isivyostahili.

11 Mei: Bahasha imefunguliwa

Insha 20 za mwisho, mimi na mwenzangu kila mtu kivyake, tukitumia mwongozo wa ukurasa mmoja: mstari wa pambizoni, jaribio la kufuta, swali la mpinzani. Makosa ya lugha yana alama zake kando, hayachanganywi na hoja.

Tumekubaliana kwenye 15. Mafungu yangu yalikuwa 6, 8, 6 na yake 5, 9, 6, hivyo bahati ni 0.345 na kapa ni 0.62. Kutoka 0.29. Insha 20 ni chache na sitapiga ngoma kwa hilo. Kati ya tano tulizotofautiana, tatu ni zile ambazo kiungo kipo lakini msomaji lazima akisie neno moja au mawili. Mimi nakisia, yeye anakataa kukisia. Bado hatujaamua.

Gharama yote kwa upande wangu: saa zipatazo 70. Anayeurudia aruke rangi saba na ile adhabu ya urefu, ataokoa angalau saa 12.

25 Mei: Namba 17

Nimepeleka mwongozo darasani. Niliandika ubaoni aya ya kwanza ya namba 17, bila jina, tukaanza kufuta sentensi moja moja. Mkono ukanyanyuliwa nyuma.

"Mwalimu, hiyo ni yangu. Naomba nifute mwenyewe."

Nikampa nakala ya insha nzima na kalamu. Alikata kwa dakika kumi hivi, na hakuwa na huruma hata kidogo. Mboni ya jicho ilikwenda, utandawazi ukafuata. Aliponirudishia, mistari iliyobaki ilikuwa mitatu, yote ya aya ya nne: "Siku niliyovunjika mkono uwanjani ilikuwa saa nne asubuhi. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa sababu walimu walikuwa mkutanoni. Nyumbani walijua saa kumi na moja jioni."

Nilikwenda kutazama nakala yangu. Kando ya aya ya nne, kwa mwandiko wangu, imeandikwa "vilevile".

Ameomba kuiandika upya kuanzia hapo. Imekuja leo, maneno 240, haina utangulizi wala mhenga hata mmoja, na hoja pinzani yake inauliza kama simu moja ya ofisini, isiyofungiwa, isingetosha. Hajaijibu vizuri. Nimeipa namba 61.